Besi ya Mke Wangu

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyomwondoa mke wangu kwenye sauti ya besi katika kwaya, nikasimama mimi mahali pake. Laiti nisingefanya hivyo.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, na usharika wetu hapa milimani ulinikabidhi kwaya ya akina mama. Wanne kati yao walipenda kuimba peke yao, bila kinanda na bila mwanaume: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na besi, ile ya chini kabisa ambayo kwa kawaida huimbwa na wanaume. Besi alikuwa Ruthi, mke wangu. Mungu alimjalia sauti nzito, tulivu, kama maji yanayopita chini ya mawe. Wakipatana sawasawa, juu ya vichwa vyao ilisikika sauti ya tano ambayo hakuna aliyekuwa akiiimba. Mara ya kwanza kuisikia niligeuka kutazama nani ameingia.

Sasa, huku kwetu kuku jike akiwika huchinjwa siku hiyohiyo. Husemwa anaita msiba. Jumapili moja, nje ya kanisa, nilimwamkia shikamoo mzee mmoja wa usharika. Aliitikia, akanishika mkono mbele ya wanaume wenzangu.

"Mwalimu, kwako anayewika asubuhi ni nani?"

"Jogoo, mzee."

"Una hakika? Sisi tumemsikia jike."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa mzee yule ulinivunja mgongo.

Mashindano ya kwaya pale Lushoto mjini yalikuwa yamekaribia. Kwenye mazoezi yaliyofuata nikatangaza kwamba besi nitaimba mimi.

"Nimekosea wapi?" Ruthi akauliza.

"Hujakosea."

"Sasa?"

"Watu wanasema."

Yule mama wa sauti ya tatu, mwenye maneno yake, akadakia: "Na hao watu ndio watakaokuja kutuimbia?"

Ruthi akamgusa bega anyamaze. "Haya, mwalimu," akaniambia. Mpaka siku ile alikuwa akiniita Baba Daudi.

Mjini tuliimba bila kosa, tukapigiwa makofi ya adabu. Sauti ya tano haikuja. Besi yangu ilikaa mbali na sauti zao, kama mtu aliyefika harusini bila kualikwa. Wale mama watatu hawakurudi tena mazoezini, na sikuwa na uso wa kuwafuata.

Miaka ikapita. Nilimwomba Ruthi aimbe, hata jikoni tu. "Nimesahau, mwalimu," alinijibu, nikaamini. Hadi mchana mmoja mvua iliponifukuza shambani mapema, nikamsikia ndani akimenya viazi huku akiimba besi yake, nzima, haina hata kutu. Nilipokung'uta matope kizingitini, akaikata katikati ya neno.

"Karibu, mwalimu. Umelowa."

Alifariki mwaka jana. Matangani majirani walikaa nami wakinisimulia alivyowaimbia, wala hawakujua wananichoma. Huyu aliimbiwa wakipalilia kabichi, yule wakichuma mapeasi. Hata wajukuu zangu walibembelezwa kwa sauti ile.

Mwanangu, watu wakikicheka kipaji cha mwenzako, usicheke nao ili wakupende. Wakimaliza kucheka huenda kwao kula, nawe unabaki na uliyemuumiza, meza moja, kitanda kimoja. Na ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, usingoje apoe. Mimi niliomba nyimbo, sikuomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akujalie nyumba ambayo hakuna anayeimba kwa kujificha. Akupe na kinywa cha kusema hapana mbele ya wanaume wenzako. Mimi nilikuwa nacho, sikukitumia. Nikaishi na Ruthi mpaka tukazeeka, na katika kijiji hiki chote, aliyenyimwa sauti ya mke wangu ni mimi peke yangu.