Nukta Iliyokuwa Bondeni

Kulpash alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kituo cha hali ya hewa, na akisema jua, wachungaji walifunga mizigo. Jumatatu ile alimwambia mzee Orynbasar, aliyekuwa malishoni na wajukuu watatu na kondoo mia tatu, kwamba Jumatano njia ya kileleni ingekuwa shwari. Jumatano ndiyo siku ya heri ya safari. Katika ukoo wa mzee hakuna aliyewahi kuhama siku nyingine.

Utabiri huja katika faili la nambari tupu, kila mahali milimani na nukta yake. Nukta ya kilele, ile aliyoisoma Kulpash siku zote, ilihesabiwa zamani kwa kidole juu ya ramani, na mtu aliyekwisha kustaafu, wala hakuna aliyeihoji. Jumanne asubuhi Kulpash, mdadisi asiyekoma, akaandika amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, akabonyeza. Faili likajimwaga: latitudo, longitudo, theluji, kila nukta na mstari wake, maelfu kwa maelfu, milima yote alikozaliwa imepangwa safu kwa safu. Akashika mdomo kwa mshangao.

Kisha akaitafuta nukta yake. Ilikuwa bondeni! Ile ya kilele hasa ilionyesha theluji ya kiunoni, Jumatano mchana. Akapiga simu.

"Mzee wangu, msihame kesho."

"We binti! Jana jua, leo theluji? Umeolewa na mawingu nini?"

"Nilikosea. Nilisoma bondeni nikidhani nasoma kileleni."

"Kwa hiyo nihame siku ya mkosi ili kompyuta yako ifurahi?"

"Simu yako si inaonyesha ulipo? Hebu nisomee nambari zake."

Mzee akasoma akiguna. Kulpash akaishuka orodha kwa kidole.

"Umo humu. Mstari wa elfu nne mia mbili na kumi na saba. Unaofuata ni kijito chenu. Wa tatu ndio kilele, na theluji inafika kiunoni."



"Mimi nimo humo?"

"Umo, mzee."

"Kumbe Mungu ana daftari, na wewe umelichungulia."

Jumatano mzee alibeba sufuria kubwa hatua mia nje ya hema, akaitua. Safari imeanza, akatangaza, mkosi ukatafute wengine. Saa tisa alasiri akapiga simu.

"Kilele hakionekani, binti. Huko hata farasi angezama. Wajukuu wako ndani wanakula maandazi, wananicheka na sufuria yangu."

Kulpash alicheka naye. Alipokata simu ndipo alipopiga hesabu. Miaka kumi na moja amewapa watu wa kileleni hali ya bondeni, nao kila mwaka wameshuka wazima, wakamletea jibini na shukrani.