Kitanda Kwanza, Meseji Baadaye

Mdogo wangu aliolewa ndani ya delta, kwenye vijiji ambavyo huvifikii kwa gari. Ukitoka Kibiti unashuka mpaka Nyamisati, pale unapanda boti, na boti nayo inasubiri maji. Maji yakijaa, njia za kwenye mikoko zinapitika. Yakitoka, unabaki umekaa juu ya tope na mzigo wako mapajani, unawatazama kaa nao wanakutazama. Katika uzazi wake wa kwanza, uchungu ulimshika wakiwa njiani kuja hospitali, na maji yakawatoroka. Mtoto alizaliwa hukohuko kwenye boti iliyokwama, na hakulia. Tangu siku ile mdogo wangu hakutaka kusikia habari ya safari ile, na mimi, ninayepata riziki yangu hospitali, nikawa naogopa kumtajia.

Mimi si muuguzi. Ni mtu wa kompyuta. Natengeneza mashine zinapogoma, nawafungulia madaktari akaunti wanaposahau maneno yao ya siri, nahakikisha taarifa za wagonjwa hazipotei umeme ukikatika. Hospitali yetu ya Kibiti ina jengo dogo nyuma ya wodi ya wazazi, tunaliita nyumba ya kusubiri. Wanawake wanaotoka mbali wanatakiwa waje kukaa pale wiki zao za mwisho, wawe karibu na wauguzi siku ikifika. Lakini vitanda vilikuwa vinakaa vitupu, na wanawake wa delta wanafika wakiwa wamechelewa, wengine wakibebwa. Kuwapigia simu mmoja mmoja kulikuwa kunawashinda wauguzi. Ndipo ikaletwa seva mpya, kompyuta ambayo kazi yake ni moja tu: kufanya jambo kwa wakati wake bila kukumbushwa na mtu.

Seva ya namna hiyo haijui lolote mpaka uiambie. Unaandika faili, na ndani yake unaeleza kazi mojamoja: hii ianze lini, isubiri nini kwanza, ikimalizika ifuatiwe na ipi, ikishindikana aarifiwe nani. Kisha unalipakia faili lile kwenye seva. Seva inalisoma. Ikiridhika inalipokea, na isiporidhika inakurudishia na maneno machache makavu.

Aliyenieleza hizo kazi zenyewe ni matroni wa wodi ya wazazi, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hata wodi ikichafuka haongei kwa haraka. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kitanda kisitengwe mpaka mama mwenyewe ajibu meseji kwamba anakuja, kwa sababu vitanda ni vichache. La pili, mama asitumiwe meseji ya kuitwa mpaka kitanda chake kiwe tayari. Aliwahi kuona mwanamke ameitwa, akaja na mimba yake yote, akalala kwenye benchi. Hilo hakulisahau. Nilimwelewa kwa yote mawili, nikaandika kama alivyosema.

Seva ikakataa. Ilisema kazi ya kitanda inaisubiri kazi ya meseji, na ya meseji inaisubiri ya kitanda, kwa hiyo hakuna inayoweza kuanza. Nilicheka peke yangu, kisha nikaenda wodini.

"Kwa hiyo inasemaje?" matroni aliuliza.

"Inasema tunazunguka. Moja lazima itangulie."

"Itangulie ipi?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza, Matroni."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni lake. "Niache nifikiri," alisema. "Tuonane Jumatatu."

Wakati huo nilikuwa najua kwamba mdogo wangu ni mjamzito tena. Nilijua kwa mama, si kwake. Jumamosi nikaenda Ruaruke, nyumbani, nikamkuta mama anatwanga kisamvu. Nilimwamkia, nikapokea mchi, nikatwanga yeye akikuna nazi.

"Umeongea naye?" nikamuuliza.

"Jana. Yuko shambani anaamia ndege, anawafukuza. Mpunga umeanza kutunga."

"Na hali yake ile bado anapanda ngazi ya dungu?"

"Anapanda. Anasema kule juu ndiko mtandao unakoshika."

"Mama, mwambie aje Kibiti mapema."

"Nimwambie mara ngapi? Wewe umemwambia?"

"Nikimpigia ananieleza mpunga, ananieleza shemeji, vizuri kabisa. Nikitaja hospitali tu, mtandao unakata."

Mama akacheka. "Mtandao wa watu msiusingizie." Akaendelea kukuna. Baadaye kidogo akaniuliza, "Ulipokuwa chuo Dar, nikitaka uje nyumbani nilikuwa nakwambiaje?"

Ilibidi nifikiri. Hakuwahi kuniambia njoo. Alikuwa ananipigia simu asubuhi, anasema ameshapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, basi, anakata. Na mimi nafunga begi, ingawa najua nikifika wali ule watakuwa wameshaula wenzangu.

"Ukimwambia mtu njoo," mama alisema, "anatafuta sababu ya kutokuja. Chakula kikiwa kimeshaiva, anaona haya kukiacha kipoe."

Jumatatu nilimwambia matroni kwamba ningependa kitanda kitangulie. Hakukubali papo hapo.

"Na asipokuja? Kitanda kikae kitupu?"

"Si ndivyo vinavyokaa sasa hivi, Matroni?"

Aligeuka akatazama nje. Kupitia dirisha lilionekana jengo la kusubiri, mlango wake umefungwa, mbuzi wa jirani amelala barazani.

"Haya," alisema. "Kitangulie. Lakini asipojibu, mhudumu wa afya wa kijiji chao apewe taarifa, aende nyumbani kwake akamwone kwa macho. Hilo uliweke."

Nikaliweka. Tukabaki na maneno ya meseji. Yale niliyopewa mwanzoni yalimwita mama mteja na kumkumbusha kuhudhuria kituoni bila kukosa. Nilimsomea matroni, akakunja uso. Tukayaandika upya, yeye akitamka na mimi nikipunguza, mpaka yakawa hivi: Mama, siku zako zimekaribia. Kitanda chako tumeshakitandika. Njoo na mtu wako mmoja. Tunakusubiri.

"Sasa isije ikawa uongo," matroni alisema, akasimama. Alifungua kabati la shuka, akanikabidhi nusu ya mzigo, tukaenda kumfukuza mbuzi na kutandika. Mtu wa kompyuta na matroni, tunavuta shuka huku na huku kama wake wenza siku ya sikukuu. Nilikuwa sijatandika kitanda cha mtu mwingine tangu nilipotoka nyumbani.

Alasiri ile nikapakia faili kwa mara ya pili. Seva ilisoma, ikanyamaza, halafu ikaandika kwamba imepokea. Haikuongeza neno.

Meseji tulizipangia asubuhi, umande haujakauka, kabla watu hawajatawanyika. Siku ya kwanza nilifika mapema nikakaa mbele ya mashine. Majina yalipita moja baada ya jingine, kutoka kusubiri kwenda kutumwa. Jina la mdogo wangu, lililotoka kwenye daftari la kliniki ya kwao, likapita pia, kama mengine. Nilijua yuko juu ya dungu saa ile, ana kamba za makopo ya kufukuzia ndege mkononi na simu imefungwa kwenye pindo la kanga. Nilitamani kumpigia nimuulize kama ameisoma. Nikajizuia.

Wengine walijibu. Yeye hakujibu. Muda wa kusubiri jibu lake ulipokwisha, seva ikafanya ilivyoambiwa, ikamtaarifu mhudumu wa afya wa kijijini kwao. Akaenda, akarudisha taarifa fupi: nimemkuta, nimemwambia, hakusema kitu. Niliposoma hivyo nilitoka nje nikasimama barazani, sina hamu ya chai wala ya mtu.

Zikapita siku. Mchana mmoja nilikuwa nimeinama chini ya meza nafuatilia waya, nikasikia hodi. Nilipoinuka nikamwona amesimama mlangoni, tumbo limemtangulia, nyuma yake mama mkwe wake na kapu kichwani.

"Shikamoo dada."

Niliitikia waya ungali mkononi. Nilimwamkia mkwewe, nikampokea kapu, nikawavutia viti.

"Mmekujaje?"

"Kwa boti," alisema mkwewe. "Tumeondoka na maji mazuri. Lakini mwenzio kafumba macho tangu kule mpaka Nyamisati. Kanishika mkono huu, tazama, bado unaniuma."

Mdogo wangu alikuwa anaangalia sakafu. "Nani aliandika ile meseji?" akauliza.

"Ya hospitali."

"Mimi nilidhani ni mama. Nikasema, mama kajifunza lini kuandika?" Akatabasamu kidogo. "Dada, wewe ukinipigia unaniamrisha. Ile haikuniamrisha. Nikawa kila nikifukuza ndege naona kitanda kimekaa peke yake kinaningoja. Nikamwambia mume wangu, abaki yeye na ndege."

Niliwapeleka nyumba ya kusubiri. Nilimwonyesha kitanda, kile cha karibu na dirisha. Alikaa taratibu, akapitisha kiganja juu ya shuka, kwenda na kurudi. Halafu akalia. Hakulia kwa sauti. Mkwewe akatoka, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa.

"Na yule naye angezaliwa hapa," mdogo wangu alisema.

Nilikaa karibu naye. Tangu mtoto yule azikwe, hatukuwahi kumzungumzia, mimi na yeye. Nilimwacha azungumze. Alinieleza alivyokuwa na nywele nyingi, na jinsi alivyofungwa kwenye kanga mpya iliyokuwa ya kumpokelea. Nilimuuliza kanga hiyo ilikuwa na rangi gani. Akaniambia. Mimi nikawa ndiye ninayelia sasa, na yeye akanifuta machozi.

Siku zile za kungoja, mchana nilikuwa nakwenda kula naye. Matroni alimpenda, na yeye akawa anawachekesha wenzake wa mle ndani kwa kuwaigizia ndege wanavyotua kwenye mpunga. Siku moja akaja ofisini kwangu kuona ninachofanya. Nilimwonyesha seva, inavyovuma na feni yake.

"Ndiyo hii inayotuita mama?"

Hapo nikamwambia kuhusu maneno ya meseji, na kisamvu, na matroni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni nyinyi," alisema. "Na kitanda changu nani alitandika?"

"Mimi."

"Nilijua. Shuka lilikuwa limekwenda upande."

Uchungu ulimshika asubuhi, akatembea mwenyewe mpaka wodini, hatua chache tu, amemshika matroni bega. Mama alifika kutoka Ruaruke kwa bodaboda, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akakataa kunawa mpaka asikie. Tulikaa nje ukutani, mama na mkwe na mimi. Mama alikuwa anasoma dua chini kwa chini. Mara tukasikia sauti, nyembamba, yenye hasira. Mama akanyamaza katikati ya dua, ameinua kidole, kama anayehofia isikatike. Haikukatika. Mtoto wa kike, alilia mpaka akachoka mwenyewe.

Shemeji alifika baadaye na mpunga mpya kwenye kiroba. Alisimama mbele ya mtoto na mikono yake nyuma, hajui aanzie wapi, mpaka mkewe akamwambia, "Mchukue, si wako?"

Walipopata ruhusa ya kurudi niliwasindikiza mpaka Nyamisati. Nilikuwa nahofia boti kwa niaba yake, lakini yeye alivua viatu, akapandisha gauni, akaingia kwenye maji na kupanda bila kushikwa. Akanyoosha mikono, shemeji akampa mtoto. Aliniaga kwa kichwa tu, maana mikono ilikuwa imejaa. Boti ikasukumwa, injini ikawaka, wakaingia kwenye mikoko.

Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua pale kwenye kivuli cha banda alikuwa ananitazama.

"Wako wale?" aliniuliza.

"Wangu."

"Maji ni mengi leo. Watafika mapema."

Nilimshukuru, nikanunua vitumbua vyake, nikaosha tope miguuni na kutafuta usafiri wa kurudi Kibiti.