Mtambo Uliochorwa Machi

Siku niliyoripoti kwenye mradi wa umeme wa maji, milimani juu ya Mlali, Mhandisi Mkazi alinipokea kando ya rundo la nondo. Nilimpa barua yangu ya uhamisho kutoka Dodoma mjini. Akaisoma, akaikunja.

"Fundi sanifu wa vipimo vya maji," alisema. "Sasa dada, utapima nini? Michoro imeshapita na mtambo umeshaagizwa."

"Nitapima maji, mhandisi."

"Yalishapimwa."

Nikauliza lini. Akasema Machi.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, wengine mmekulia kwenye mito isiyokauka, huenda hamwoni kilichoniudhi. Kwetu Ugogo mvua huanza Desemba na kukatika Aprili. Kupima mto Machi ni sawa na kumpima mtu uzito akiwa amebeba gunia.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa aina isiyo na bwawa. Unajenga banio, yaani ukuta mfupi wa kukatiza mto. Maji yanaingia kwenye mfereji unaofuata ubavu wa mlima, na mwisho wa mfereji yanateremka ndani ya bomba hadi kwenye turbini, gurudumu linalozungusha jenereta. Yakishafanya kazi yanarudi mtoni. Hakuna akiba: maji yanayopita leo ndiyo umeme wa leo. Kwa hiyo kipimo cha kuchorea mtambo ni cha mwezi mkavu kuliko yote. Hili nililisema mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe.

Nilianza kupima Juni. Kila asubuhi nilisimamisha mtoni ubao wenye pengo la pembetatu. Kimo cha maji yanayopita penye pengo ndicho kinachokupa lita kwa sekunde. Kufikia Oktoba yalikuwa yamebaki chini ya theluthi ya yale ya kwenye michoro. Nikamwandikia Mhandisi taarifa, akaipeleka mjini. Meneja wa Mradi, aliyekaa ofisini mjini, akajibu kwamba ule ulikuwa mwaka mbaya. Mwaka uliofuata nikaandika tena. Akajibu kwamba na huo ulikuwa mbaya.

Mtambo ulizinduliwa wakati wa mvua, maji yakiwa tele. Wageni walipiga makofi, taa za zahanati zikawaka, wakaondoka. Ilipofika Septemba turbini ikaanza kutetemeka kwa kukosa maji. Mhandisi Mkazi akaamuru mto wote uelekezwe kwenye mfereji. Chini ya banio yakabaki mawe matupu.

Siku ya nne tulimkuta Mama Yudita, mkulima wa nyanya na vitunguu, ameketi juu ya lango la mfereji, jembe mapajani. Nyuma yake walisimama wenzake kama ishirini. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole kama siku zote.

"Mama, shuka hapo," Mhandisi alisema. "Maji hatujayala. Yote yanarudi mtoni."

"Yanarudia wapi?"

"Pale kwenye mtambo."

"Shamba langu liko juu ya mtambo, baba. Yanarudi yakiwa yameshanipita." Alizungumza taratibu, akichagua maneno ya Kiswahili. "Mimi taa sikatai. Wajukuu zangu wanazaliwa kwenye zahanati hiyo. Lakini nyanya hazinywi umeme."

Mhandisi akanigeukia mbele ya watu wote. "Fundi, waeleze kwamba maji yanatosha. Wanakuamini wewe."

Nilijua nikisema kweli nitahamishwa. Nilijua pia kwamba nikidanganya siku ile, hata yale niliyopima miaka miwili hayatakuwa na maana tena.

"Hayatoshi, mhandisi. Nilikuandikia mara mbili."

"Utanieleza ofisini."

"Tuyamalize hapahapa. Mto ufunguliwe, tusimamishe ubao, usome mwenyewe."

Nilidhani ataniita mkaidi. Badala yake aliinama, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Alisoma mara ya kwanza, akafuta miwani, akasoma tena, na mara ya tatu. Alipotoka alikaa juu ya banio, karibu na Mama Yudita, akaangalia miguu yake.

"Kwa nini hukunilazimisha kukuelewa?" aliniuliza.

Katika kazi yangu yote hakuna swali lililonichosha kama hilo.

Wiki ile tulitoboa tundu chini ya ukuta wa banio, ili mto upate fungu lake kabla mfereji haujapata kitu. Baadaye ililetwa turbini ndogo ya kiangazi, inayotosha zahanati kila siku na mashine ya kusaga siku mbili kwa wiki. Mimi nilihamishiwa Hombolo "kwa manufaa ya umma", nikasoma kimo cha maji ya bwawa hadi nilipostaafu. Meneja wa Mradi alipandishwa cheo.

Sasa naishi Ipagala, Dodoma mjini. Oktoba iliyopita nilikwenda kumsalimia Mama Yudita, nikalala kwake siku mbili. Mistari ya mwisho ya bustani yake ilikuwa imeanza kunyauka, nikateremka hadi kwenye mtambo. Msimamizi wa mtambo, baba wa watoto wanne, akanionyesha daftari la vipimo. Mwezi mzima, kila siku, namba ileile moja.

"Mto ni uleule, mama," alisema.

Tulipanda hadi kwenye banio. Tundu lilikuwa limejaa majani na mchanga. Nikavua kandambili.

"Mama, si umestaafu wewe?"

"Nimestaafu. Ingia tupime."

Tulizibua tundu kwa mikono, tukasimamisha ubao, tukasoma. Haikuwa namba ya daftarini. Niliona aibu yake, nikamsogezea daftari, maana maneno nilishayasema ya kutosha maisha yangu yote. Aliandika namba mpya chini ya zile za uongo, akaweka sahihi.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya safari ya kurudi, nilipanda tena hadi kwenye banio. Nilimkuta msimamizi ameshaloa hadi magotini.