Koplo aliyekataa kumgusa majeruhi River Road

Wakuu, mko poa? Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo. Mwenye kubisha abishe.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa konstebo katikati ya Nairobi. Ukimwi ulikuwa unatumaliza. Tulizika wenzetu mpaka zamu zikakosa watu.

Glavu hatukuwa nazo. Ukiitwa kubeba mtu anayetoka damu, unaomba mifuko ya nailoni dukani, unavaa mikononi kisha unabeba. Wengine tulikuwa tushachoka, tunabeba tu.

Mkubwa wangu alikuwa Koplo Wafula, mtu mzima wa magharibi, mpole hadi anaudhi.

Mchana mmoja tukaitwa River Road. Umati ulikuwa umempiga kijana ukidai ameiba simu. Tukamkuta mbele ya duka la hardware, kichwa kimepasuka. Mimi nikashika miguu. Koplo akasimama tu, mikono mfukoni, anaulizia nailoni.

Mwenye duka alikuwa amejifungia ndani kwa woga. Koplo akagonga mlango. Tukangoja. Kijana alikuwa akiomba maji, sauti ikizidi kufifia, na mimi nilikuwa nachemka.

Dereva wetu ndiye aliyesema. "Koplo, huyu ni mtu, si mzoga. Shika twende."

Mwenye duka alipopitisha nailoni, Koplo akaivaa mikono yote miwili, akaikaza kwa kamba, ndipo akainua. Kwenye Land Rover alimlaza kijana mapajani, akimwambia avumilie. Kijana alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Stesheni nilimkuta Koplo bombani, nyuma ya seli. Alikuwa ametoa nailoni. Wakuu, mikono ile ilikuwa vidonda vitupu, katikati ya vidole ngozi imeachana.

"Mlidhani naogopa damu yake," akasema. "Hii kitu niko nayo mimi. Sasa nimshike hivi, apone, aende kwao nayo?"

Akaniapisha nisiseme. Wakubwa wakijua atatolewa kazini, na ana watoto shuleni.

Alifariki mwaka uliofuata. Tangazo lilisema aliugua kwa muda mfupi. Kwenye matanga, dereva alikuwa bado anasimulia watu jinsi Koplo alivyokuwa mwoga wa damu, na watu wanacheka. Nilikuwa nimeapa, nikanyamaza. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Siku hizi, kabla sijamwita mtu mwoga, najiuliza kwanza anamwogopea nani.

Mliovaa sare miaka ile, au mliozika mmoja wetu, semeni hapa chini: ningevunja kiapo pale matangani?