Mstari wa Thelathini na Moja

Enzi zetu kompyuta ya shule ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na kabla ya kuigusa ulivua viatu. Tulikuwa kidato cha pili hapa Mbinga, chumba kinanuka sketi zilizolowa, maana mvua ya huku ikianza haijui kunyamaza. Watoto wa siku hizi wanaburuta kidole kwenye simu, tovuti imekamilika, na bado wanalalamika wamechoka. Sisi hata rangi ya kichwa cha habari tuliiandika herufi kwa herufi kwenye faili la CSS.

Mwalimu wa kompyuta aliniachia faili hilo la tovuti ya shule. Yeye aliandika majina na alama za mtihani. Mimi nilipanga yaonekaneje: rangi, ukubwa, kipi kitokee na kipi kisitokee. Hapo ndipo shetani aliponipitia. Hisabati nilikuwa nimepata tisa kwa mia. Baba, mkulima wa kahawa kule Mkumbi, alizoea kusema, "Ukifeli utarudi tuchimbe ngolo," na mashimo yale ya kulimia mlimani mgongo wangu uliyajua. Jumamosi angekuja mjini kuangalia matokeo kwenye kompyuta ya steshenari. Sikulala vizuri wiki nzima. Basi Alhamisi nikaandika kwamba mstari wa thelathini na moja, ule wangu, usionekane. Jina sikulifuta, nililificha tu.

Kumbe Ijumaa mwalimu aliongeza jina la Anjelina, aliyekuwa mgonjwa. Orodha ilifuata alfabeti, kwa hiyo wote tukashuka mstari mmoja. Mimi, Teofrida, nikawa wa thelathini na mbili, naonekana na tisa yangu. Aliyefichwa sasa alikuwa Skolastika, rafiki yangu wa dawati moja, wa pili darasani.

Jumamosi baba yake alipanda kutoka Lundo, kando ya ziwa, na ndoo ya usipa, dagaa wakavu wa huko. Akasoma ukurasa pale steshenari mara tatu, jina hakuna. Akaona binti alimdanganya, hakufanya mtihani. Nilipowakuta stendi sanduku lilikuwa limeshapakiwa na Skola analia bila sauti. Nikamfuata baba yake.

"Shikamoo baba. Jina lake lipo. Mimi ndiye niliyelificha."

Tukarudi steshenari, nikafuta agizo langu mbele yake, jina likatokea. Baba yake akalisoma, kisha akanigeukia.

"Asubuhi halikuwepo, sasa lipo. Jioni je?"

Akaondoka naye. Skola alirudi baada ya mwezi, mwalimu alipoteremka Lundo na karatasi ya matokeo yenye mhuri. Alikaa dawati la mbele, na Anjelina. Baba yangu aliiona ile tisa, akacheka, akaninunulia daftari jipya.

Sasa kutengeneza tovuti ndiyo kazi yangu, na vijana wa ofisini wananicheka ninavyohesabu mistari kwa kidole. Wao wakikosea wanabonyeza mara moja na hakuna anayejua. Wacha wacheke. Mimi natamani siku zile zirudi, na baridi yake na uji wake usio na sukari, nifike tena Alhamisi ile, niketi miguu mitupu mbele ya kompyuta, niiache tisa yangu ionekane.