Mama Alivyopima Tanuru la Pompei

Nina ugonjwa mmoja ambao hauna dawa katika famasia yoyote ya Goma: nikikatazwa kucheka, nacheka. Nilicheka siku ya komunyo yangu ya kwanza. Nilicheka siku ya harusi yangu, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi. Na mwaka juzi nilicheka huko Italia, katikati ya magofu ya Pompei, mbele ya mama yangu mzazi, dakika ile ile niliyopaswa kufunga mdomo. Kicheko kile nusura kinikoseshe kitu nilichokitaka kuliko vyote.

Kitu chenyewe kilikuwa kiwanja. Kabla mlima wetu wa volkano haujashusha lava mjini, mama alikuwa na tanuru la mkate pale mtaa wa Birere, na mimi nilikuwa msichana wa kubeba beseni. Lava ikapita, ikafunika nyumba, tanuru, cherehani na picha zote za harusi. Kila mtu wa Goma ana hadithi ya namna hiyo, kwa hiyo sitairefusha. Baba alifanya kama wengine: jiwe likiwa bado linachoma soli za viatu, yeye alikuwa ameshasimama juu yake na kamba, anahesabu hatua kutoka ukuta wa jirani uliosalia, anaweka alama za pembe. Kiwanja kilibaki chetu, ila kilikuwa kimepanda juu kuliko paa la nyumba ya zamani.

Mama alihamia mtaa wa Katindo kuuza maandazi, na hakwenda kukiona. Baba alipofariki tulikikodisha kwa mfanyabiashara wa mbao kutoka Butembo, na mama akaendelea na desturi yake: akipanda pikipiki, anamwambia dereva apitie njia nyingine, hata kama ni ndefu na ina mashimo ya kuzika mbuzi.

Mimi nilirithi kazi yake, sikurithi tanuru. Nilikuwa naoka katika tanuru la mama mmoja wa parokia yetu, kwa zamu, baada yake yeye kumaliza, na mkate wangu ulifika sokoni wakati watu wameshashiba. Mfanyabiashara wa mbao aliposema anahama, nilimwomba mama ruhusa ya kujenga tanuru pale juu ya lava. Akanijibu, "Siwezi kuwasha moto juu ya moto." Nikaomba tena wakati wa Pasaka. "Tutaongea," akasema. Kwa mama yangu, "tutaongea" maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotualika. Yeye ni mtawa, anaishi karibu na Napoli, na alikuwa anaweka nadhiri zake za daima. Visa zilipopatikana alinipigia simu mimi, dada yake mkubwa, peke yangu.

"Yaya, nakuomba, safari yote usitaje parsele, kile kiwanja. Mama anakuja kufurahi."

Nikaapa. Niliapa kwa Bikira Maria, na nilimaanisha.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile ya safari. Tulivuka mpaka kwa miguu kwenda kupanda ndege nchi jirani, tukiburuta sanduku ambamo mama alikuwa ameficha sambaza, samaki wadogo wakavu wa soko la Kituku, katikati ya vitenge vya sherehe, pamoja na mikate yangu sita, zawadi ya watawa. Ndani ya ndege aliwasalimia kwa mkono abiria wa safu tatu za mbele na tatu za nyuma, kwa kuwa haiwezekani kulala karibu na watu ambao hujawasalimia. Mhudumu alipomwomba aketi, mama alimshika mkono naye pia, akamuuliza habari za nyumbani. Nilicheka mpaka masikio yakazibuka.

Nadhiri zikawekwa, tukalia, tukacheza mbele ya altare mpaka watawa wazee wa Kiitalia nao wakaanza kupiga makofi bila mpangilio. Kesho yake mdogo wangu akasema anatupeleka Pompei, mji wa kale uliofunikwa na volkano. Alifikiri ni wazo zuri. Mimi nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyeapa, si mlima.

Mama alivaa kitenge cha sherehe, kilemba na viatu vya kanisani. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kiitalia aliyebeba mwavuli uliofungwa, akiuinua juu ili tusipotee, na mdogo wangu alikuwa anatutafsiria. Tulipoingia tu barabara ya kwanza, mama alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mawe makubwa meusi yaliyotandikwa chini.

"Hii njo jiwe yetu," akasema.

Ilikuwa kweli. Barabara zote za Pompei zimetandikwa lava, mawe meusi yale yale tunayojengea kuta kwetu, tofauti tu kwamba ya kwao yameng'arishwa na miguu ya watu. Mama alisimama amechangamka. Kuanzia hapo hakuwa tena mtalii, alikuwa mkaguzi. Alikagua kuta, akasema fundi alikuwa anajua kazi lakini alibana sana udongo. Alikagua vizingiti, akaona milango ilikuwa myembamba. Wazungu wenye kofia walianza kumpiga picha, naye akawa anasimama wima kila mara na kurekebisha kilemba.

Kwenye uwanja mkubwa wa mji, ambapo mlima unaonekana vizuri nyuma ya nguzo, kiongozi alieleza jinsi ilivyokuwa. Mdogo wangu akatafsiri: mlima ulipasuka, vikanyesha vijiwe vyepesi, kisha majivu ya moto yakafunika kila kitu.

"Majivu?" mama akauliza. "Haikukuwa lava?"

"Majivu, mama."

"Majivu mutu anafagia."

Mdogo wangu hakutafsiri. Kiongozi akasubiri kwa adabu. Mama akamgeukia mwenyewe na kumweleza, kwa Kiswahili na kwa mikono, jinsi lava inavyotembea, jinsi inavyopinda kona kufuata njia, jinsi inavyoingia sebuleni bila hodi na kutokea dirishani. Mzee yule hakuelewa neno, lakini mikono aliielewa. Aliegemea mwavuli wake, akasikiliza. Wajerumani wawili wakaja wakasikiliza nao. Nilikuwa nimejawa na fahari kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia kila mtu pale uwanjani. Mama yangu, muuza maandazi wa Katindo, alikuwa anafundisha volkano Italia.

Ingekwisha vizuri kama angeishia hapo. Lakini alitazama zile nyumba zisizo na paa, mtaa baada ya mtaa, na uso wake ukabadilika, akaanza kukasirika.

"Ma Sœur," akamwambia mdogo wangu kwa cheo chake cha utawa, maana tangu jana hakuwa tena tayari kumwita kwa jina la utotoni, "muulize huyu papa muzee: benyewe ba hizi parsele bako wapi?"

"Wenye viwanja, mama? Ni zamani sana."

"Muulize. Kwetu lava ilikuwa ingali inatoa moshi, batu bako juu yake na kamba. Hawa balipata majivu tu, na hakuna hata mumoja alirudia kuweka ka kibanda? Ni batu gani hawa?"

Nilihisi kicheko kinaanza tumboni. Nikatazama nguzo. Nikahesabu njiwa. Mdogo wangu alinitupia jicho ambalo hata mama mkuu wake hana. Akatafsiri, akiwa na matumaini kwamba jibu litakuwa fupi.

Kiongozi alijibu kwa utaratibu. Wengi walikufa, alisema, na wale hawana lawama. Lakini wengine walikimbia wakapona. Walihamia miji ya jirani, si mbali, wakaanza maisha mengine. Baadhi walikuja kuchimba vitu vyao wakaondoka. Wengine hawakuja kabisa, ingawa mlima walikuwa wanauona kila siku.

"Balikuwa wazima?" mama akauliza. "Bakikaa karibu vile? Na hawakukuja hata kuangalia?"

"Hawakuja, mama."

"Pengine balikuwa bakipitia njia ingine," mama akasema kwa dharau, na hapo akaziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Mimi nikacheka. Sikucheka kidogo. Nilijiinamia, nikashika nguzo ya Warumi kwa mikono miwili, machozi yakanitoka, na kadiri mdogo wangu alivyonikanyaga mguu ndivyo kicheko kilivyozidi. Mama alinigeukia.

"Unacheka nini, wee mutoto?"

Nina miaka arobaini na moja. "Hakuna, mama."

Alijua. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia mlima, akakunja midomo, akamwambia kiongozi kwa ishara ya kidevu kwamba twende. Kicheko kilinikatika. Nilifuata nyuma nikijitukana moyoni. Miaka yote ya kuomba, na safari nzima ya kunyamaza, nilikuwa nimevitupa kwa sababu ya tumbo lisilo na adabu. Mbaya zaidi, nilijua nimemuumiza, na sikuwa nimekusudia kumuumiza hata kidogo.

Mama alitembea mtaa mzima mbele yetu. Watu walimpiga picha na hakurekebisha kilemba.

Kisha tukaingia kwenye uzio mmoja wenye mawe manne makubwa yaliyosimama, yamebanwa katikati, na nyuma yao ukuta wa matofali wenye mdomo mweusi. Kiongozi hakupata nafasi ya kueleza.

"Hapa balikuwa banaoka mukate," mama akasema.

Mawe yale yalikuwa ya kusagia ngano, nayo ni ya lava. Tanuru lilikuwa zima kabisa: kuba la ndani, sakafu, mahali pa kuegemeza beleshi la kutolea mikate. Kiongozi akatuonyesha picha kwenye kitabu chake, mkate wa duara uliokutwa Pompei, umegawanywa kwa mistari kama keki, mweusi tii. Mama aliushika ule ukurasa karibu na pua.

"Kuna mutu aliweka hii mukate asubui," akasema. "Akafikiri atarudia kuitoa."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mdogo wangu alimwekea mkono mgongoni. Mimi sikuthubutu kusogea.

Mama akafungua kitenge cha juu alichojifunga kiunoni. Nilifikiri anataka kufuta machozi. Badala yake alikinyoosha mbele ya mdomo wa tanuru, kutoka ukingo huu hadi ule, bila kugusa. Mlinzi wa kike alikuja mbio akisema maneno makali, mdogo wangu akamwomba radhi, lakini kwa kweli hakukuwa na kosa: mama alikuwa anapima hewa. Alipopata upana akafunga fundo. Akapima urefu, akafunga fundo la pili. Aliinama, akachungulia ndani, akagonga ulimi.

"Ni pana sana. Moto yote inatoka inje. Yetu tutapunguza mukono moja."

Nilisikia vizuri. Nilimtazama mdogo wangu nihakikishe naye amesikia, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Na mulango iangalie ziwa," mama akaendelea, akikunja kitenge kwa uangalifu ili mafundo yasifunguke. "Ile ya zamani niliigeuza mulima. Ilikuwa makosa."

Hapo nilicheka tena, na safari hii mama naye alicheka, na mtawa wetu akacheka mpaka shela likaenda upande. Tulikuwa wanawake watatu wa Goma tumeshikana mbele ya tanuru la mtu, hatuwezi kusimama sawasawa, na kiongozi wetu mzee alituuliza kama tunahitaji maji. Mama akafungua mkoba akampa sambaza katika kipande cha karatasi. Alikula wote, vichwa na mikia, akaomba wengine.

Tuliporudi Goma, mama hakukubali kile kitenge chenye mafundo kioshwe. Siku ya pili tu alipanda pikipiki, akamwambia dereva: Birere, moja kwa moja. Nilimfuata kwa pikipiki nyingine. Alipofika pembeni ya kiwanja alisimama kidogo, akavua viatu vya kanisani, akapanda juu ya lava peku. Alitembea polepole akitazama chini, akasimama mahali fulani ambapo mimi sikuona tofauti yoyote na pengine. "Iko hapa chini," akasema. Akahama hatua tatu upande wa ziwa. "Tutajenga hapa."

Mawe hatukununua. Fundi aliyavunja pale pale kiwanjani, na mama alimsimamia na kile kitenge chenye mafundo mpaka mdomo wa tanuru ulipochorwa.

Siku ya moto wa kwanza majirani walijaa. Mama aliwahadithia Pompei tangu mwanzo: mawe, mwavuli, majivu ya kufagia, mlinzi mkali. Mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa kuangalia mkate, lakini alipofika kwa yule Mwitalia na vichwa vya sambaza nilikuwa nimekaa chini nashika mbavu, na wote tulisahau. Harufu ndiyo iliyotukumbusha. Nilitoa mkate wa kwanza kwa beleshi, nao ulikuwa mweusi, sawasawa na ule wa kitabuni.

Nilingoja kugombezwa. Mama aliuchukua ungali moto, akaurusha kutoka kiganja hadi kiganja, akaugonga kwa kidole, ukalia kama jiwe.

"Mukate imeungua," akasema, "lakini benyewe tuko."

Kisha akajifunga kitenge kiunoni na kuniuliza unga uko wapi.