Mhojiwa wa Saba

Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa na swali moja tu, na aliliandika kwa wino mwekundu kila alipopata nafasi pembeni mwa ukurasa: Nani kasema? Niliandika kwamba mvua ya Mbeere haitabiriki. Nani kasema? Niliandika kwamba wanawake ndio watunzaji wa mbegu. Nani kasema? Mimi ni Mmeru, mwalimu wa Kianjai, nimezoea kusema jambo darasani na watoto wakaliandika bila kunihoji, kwa hivyo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilikuwa nikitoka ofisini mwake pale Embu nimenuna mpaka nafika nyumbani. Lakini nilimpenda mzee yule. Alisoma kila neno, hata shukrani. Siku moja alinirudishia ukurasa huo ameuliza kama kweli mume wangu alinivumilia, au niliandika hivyo kwa sababu wengine huandika.

Utafiti wenyewe ulihusu jinsi wanawake wa Kiambere, huko Mbeere, wanavyochagua na kuhifadhi mbegu za mtama. Shule zikifungwa nilishuka huko na rekoda, kofia na bahasha ya fomu, nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nadhani Kianjai kuna jua. Kila mama niliyemhoji nilimpa nambari mahali pa jina, maana ndiyo kanuni: aliyekupa maneno yake humtaji, asije akasumbuliwa kwa aliyoyasema. Wa kwanza kumtembelea akawa Mhojiwa wa Kwanza, aliyefuata akawa wa Pili, na kuendelea hivyo. Niliwapanga kwenye daftari nikajiona msomi kamili.

Nyumba ya saba ilikuwa ya cucu mmoja, kama nyanya wanavyoitwa huko, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya bonde hata kama umeketi naye kigoda kwa kigoda. Kimeru na Kimbeere husikilizana kiasi, ila vikikosana vinakosana vibaya, kwa hivyo tulikutana kwenye Kiswahili, yeye na chake cha sokoni, mimi na changu cha ubaoni. Nikamsomea fomu ya ridhaa: una haki ya kukataa swali lolote, una haki ya kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu.

"Kwani kukataa kwangu mwenyewe kunataka karatasi?" aliuliza, akacheka, akabonyeza kidole gumba kwenye fomu.

Tuliongea alasiri mbili. Wengine walikuwa wameniambia wanachofanya. Huyu aliniambia kwa nini. Mbegu hutolewa katikati ya shamba, kwa sababu mtama wa kando huchanganyika na wa jirani. Suke hukatwa na shingo ndefu lipate pa kufungiwa, kisha huning'inizwa juu ya meko likae na moshi. Na ukitaka kujua kama mbegu imekauka, unaiuma.

"Ikilia, imekauka. Ikinyamaza, rudisha juu."

Alinifanya niume kumi hivi za majaribio mpaka nikaweza kusikia tofauti. Nilirudi Kianjai na sura ya nne yote kichwani, na sura hiyo ilikuwa yake karibu kila aya. Niliiandika kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata nikiandika kitu kingine.

Msimamizi aliisoma bila kuweka alama hata moja. Nikaanza kuogopa.

"Umemrudishia?" aliniuliza.

Alimaanisha nilipeleke andiko kwa mwenyewe, nimsomee, aseme kama ndivyo alivyosema. Nikamwambia ni mbali, ni joto, na wenzangu wote hawajarudi kokote.

"Madam, enda," alisema, akachukua karatasi za mtu mwingine.

Basi nikaenda, na hasira zangu. Nilimkuta cucu amefurahi kuniona, akanipa uji wa wimbi, akanyoosha miguu asikilize. Nikafungua, nikasoma kwa sauti ya darasani: "Mhojiwa wa Saba alieleza kwamba suke la mbegu hutoka katikati ya shamba."

Akainua mkono. "Saba ni nani?"

"Ni wewe, cucu."

"Mimi ni saba?"

"Ni nambari tu."

Katika maneno yote ya kipumbavu niliyowahi kusema, na mume wangu anayo orodha, hayo yanaongoza.

"Nambari ni ya mbuzi," alisema. "Na hata mbuzi zangu mimi sihesabu. Naangalia, naona zote ziko." Akasimama, akachukua kikombe changu kikiwa na uji bado, akaingia jikoni. Sauti ile ikatoka huko ndani: "Toa maneno yangu kwa hiyo karatasi. Si ulisema naweza?"

Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimesoma mstari huo kwa madaha kabisa.

Jirani yake, ambaye kwenye daftari langu ni Mhojiwa wa Sita, alinisindikiza hadi barabarani akinisikitikia na kunicheka kwa wakati mmoja. "Sasa wewe mwalimu, umetoka nchi gani? Hapa mtu haitwi saba. Saba ni mbaya. Hata kuhesabu mtu tu ni mbaya, na wewe unahesabu mpaka unafika hapo unasimama kwake!"

Kilichonichoma ni kwamba nilijua. Nyanya yangu mzaa mama, huko kwetu, alihesabu mayai hivi: tano, sita, ile ingine, nane. Watoto wake hakuwahi kuwahesabu kabisa. Alisema "hawa wangu", akageuza macho kuwapitia mmoja mmoja. Nililelewa na mwanamke huyo, nikala mayai hayo, kisha nikaenda kusoma mbinu za utafiti mpaka nikamsahau. Mgeni kutoka ng'ambo angekosea hivi akasamehewa. Mimi sikuwa na kisingizio.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu niwasilishe. Bila maneno ya cucu sura ya nne ilikuwa imekwisha, na bila sura ya nne sikuwa na tasnifu, nilikuwa na utangulizi mrefu. Nitasema ukweli: nilifikiria kuyaacha yalivyo. Hasomi, Embu haendi, na nani angeshuka Kiambere kuuliza? Niliishi na wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi, nikakuta wawili wamenakiliana neno kwa neno, nikawasimamisha mbele ya darasa nikawafokea mpaka katikati ya kufoka nikajisikia, nikawaambia warudi wakaketi. Jumamosi nikaenda kumwambia msimamizi kwamba sura ya nne haipo.

Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Alikataa nini hasa?" aliuliza. "Kunukuliwa, ama kuitwa saba?"

Nikafungua daftari, nikapekua kutafuta aliyosema.

"Hujui," alisema, kwa upole ulioniuma kuliko wino wake. "Kwa hivyo bado uko kwenye kukusanya data."

Nilimkuta cucu akipepeta kunde. Hakuninyooshea kigoda. Nikaketi chini, kwenye vumbi, na sketi yangu nzuri ya kanisa.

"Cucu, nimekuja kuuliza kile nilifaa kuuliza siku ya kwanza. Nikuite nani?"

Alipepeta kwanza. Makapi yakanirukia usoni, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

"Nina jina," alisema mwishowe. Akalitaja. "Hili jina ni la mama ya baba yangu. Mtu akiniita, na yeye ameitwa. Ukiniita saba umetuacha sisi wote wawili inje."

Nikamwambia kanuni inataka nimfiche, asije akapata shida.

"Shida ya mtama?" Alinitazama kama mtu anayetafuta ugonjwa ulipo. "Na iko kitu ingine uliandika ya uongo. Hiyo ya kuuma mbegu umesema ni yangu. Si yangu. Nilionyeshwa na mama ya bwana yangu, nikiwa nimeolewa tu. Andika yeye pia."

Niliona haya pale chini. Miaka miwili nilikuwa nafundishwa kutaja vyanzo, koma iende wapi, mabano yafungwe wapi, na mama asiyejua kusoma alikuwa ananisahihisha kwa kuwa nilimwibia marehemu mama mkwe wake. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kimeru, maana Kiswahili hakikutosha. Akanipa kigoda.

Tuliandika fomu nyingine kwa mkono, sentensi mbili, kwamba anataka atajwe, naye akabonyeza kidole. Msimamizi akaipeleka kwenye kamati ya chuo na ikapita. Sitaliandika jina hilo hapa, kwa sababu ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kitabu kile, siyo ya masimulizi haya. Ila kule liko, pamoja na la mama mkwe wake, na wahojiwa wangu wanatoka wa Sita wanaruka hadi wa Nane. Siku ya kutetea tasnifu mtahini mmoja alipekua mbele na nyuma, akauliza kama wa saba amepotea. Nikamwambia hajapotea, ana jina, nikamwonyesha ukurasa. Msimamizi wangu alikuwa anatazama viatu vyake, lakini niliona masikio yamecheka.

Nakala ya kwanza yenye jalada gumu niliipeleka Kiambere. Cucu alinawa mikono, akaikausha kwa leso, akaniambia nimwonyeshe alipo. Nikafungua marejeleo mwishoni, nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya jina.

"Hapa?"

"Hapo."

Alilipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kidole kikapanda mstari mmoja, kikashuka miwili.

"Na hawa niko nao, ni akina nani?"

"Hao ni maprofesa, cucu. Wameandika vitabu."

"Na wao wanalima mtama?"

"Sidhani."

Akatikisa kichwa polepole, akiwapima.

"Wanajua umewaweka hapa na mimi?"

"Hawajui."

Aligeuka akanitazama, sasa akiwa na wasiwasi wa kweli juu yangu.

"Mwalimu! Na hujawauliza kama wanakubali?"